Mbwa Aangukapo Kifafa

(Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya watu wazima ya Kimbiji na vijiji vya jirani. Limepigwa chapa ili wanafunzi walisome wenyewe. Mahali palipoandikwa "Kituo", mwalimu na angoje kidogo kabla ya kuendelea.)

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Leo hatutasoma habari za mbegu wala za maji ya kuchemsha. Leo tutasoma habari za mbwa.

Najua wako watakaocheka. Watasema, "Mbwa naye ana nini hata afanyiwe somo?" Lakini nakuuliza wewe wa Kimbiji: nguruwe watokapo msituni usiku kuja kufukua mihogo yako, nani huwafukuza? Ngedere waingiapo katika mahindi, nani hubweka? Tena hata wewe usiyefuga mbwa, jirani yako anafuga, na watoto wako wakienda shule au kisimani hupita mlangoni pake. Basi somo hili ni letu sote.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili, moja chini ya jingine: KIFAFA, KICHAA.

(Kituo.)

Haya, yasomeni pamoja. Ki-fa-fa. Ki-chaa. Yatazameni vizuri. Yanaanza sawa na yanaishia sawa, na mtu asomaye haraka huweza kuona moja akalitamka jingine. Watu wanaosimama mbele ya mbwa aliyeanguka huyachanganya vivyo hivyo. Mbwa mwenye kifafa akiitwa mwenye kichaa, atapigwa mawe bure, naye angeliweza kuishi miaka mingi. Lakini mbwa mwenye kichaa akidhaniwa kuwa ana kifafa tu, aliyeumwa naye ataachwa nyumbani bila dawa, na huenda akafa. Kosa la kwanza ni baya. Hili la pili ni baya mno.

Tuanze na kifafa. Ndani ya kichwa cha mbwa mna ubongo, kama ulivyo ndani ya kichwa chako. Ubongo hupeleka amri mwilini kwa nguvu ndogo sana za umeme. Fikiri ngoma yenye wapigaji wengi. Kila mmoja anapiga kwa zamu yake, na wachezaji wanafuata. Sasa fikiri wapigaji wote ghafula wanapiga kwa pamoja, kwa nguvu zote, bila mpango. Hakuna awezaye kucheza. Ndivyo ubongo unavyofanya wakati wa kifafa, nao mwili hutupwa huku na huku.

Mara nyingi kuna dalili kidogo kabla. Mbwa huhangaika, hulambalamba midomo, hujificha uvunguni, au humfuata mwenyewe kila aendako kama anayeomba kitu. Kisha huanguka ubavu. Miguu hukakamaa kama miti, kichwa hurudi nyuma. Halafu miguu huanza kupigapiga kama anayeogelea, taya hutafuna hewa, povu hutoka, na mara nyingi hujikojolea. Macho yako wazi lakini hayaoni. Ukimwita hasikii. Mambo haya yote kwa kawaida huisha katika dakika moja au mbili, ingawa kwa mtu anayetazama huonekana kama saa nzima.

Kisha huja sehemu ambayo watu wengi hawaielewi. Mbwa huamka, lakini bado hajarudi. Huyumba, hujigonga ukutani, huzungukazunguka, huenda asimjue hata yule anayempa chakula kila siku. Hali hii huweza kuchukua dakika chache, au saa kadhaa, au hata siku nzima. Wakati huo mbwa mpole kabisa aweza kuuma, kwa sababu amezinduka katika giza la kichwa chake na mtu anamshika asiyemjua. Hapa ndipo jirani hupaza sauti, "Ua huyo, ana kichaa huyo!" na vijana wakaokota mawe.

Sasa, ufanye nini wewe uliye karibu?

Jambo la kwanza ni kutazama saa. Ndiyo, kabla ya kumgusa mbwa. Ukiwa na saa ya mkononi, au simu, tazama ni saa ngapi na dakika ngapi. Ikiwa huna, hesabu polepole, moja, mbili, tatu, mpaka 60, na kila ukifika 60 kunja kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjwa na mbwa bado anatetemeka, hiyo ni hatari kubwa: mwili wake unapata joto kama injini iliyokwama, na ubongo unaweza kuungua. Atakiwa kupelekwa kwa daktari wa mifugo upesi. Vilevile ni hatari akianguka mara ya pili kabla hajazinduka na ile ya kwanza, au akianguka zaidi ya mara mbili katika mchana na usiku mmoja.

Jambo la pili, waondoe watoto. Kisha ondoa vitu: jiko la mkaa, kigoda, jembe, chungu cha maji ya moto. Akiwa karibu na kisima kisichofunikwa au ukingoni mwa maji, mvute kwa kushika ngozi ya mgongoni au miguu ya nyuma, mbali na kinywa, au mtie juu ya gunia ulivute gunia. Zaidi ya hapo mwache alale ubavu. Usimkalie. Usimfunge kamba wakati anapigapiga. Kivuli kinamfaa, na ukimya unamfaa. Zimeni redio (hata hii).

Jambo la tatu, usitie kitu chochote kinywani mwake. Si kijiko, si ufunguo, si mkono, si maji, si maziwa. Watu husema atameza ulimi. Mbwa hamezi ulimi, wala mtu hamezi ulimi. Ulimi umeshikwa chini kwa nyama yake yenyewe. Lakini taya la mbwa katika kifafa hufunga kwa nguvu bila kujua limefunga juu ya nini, na kidole chako hakitarudi kama kilivyokwenda. Maji nayo huingia katika mapafu badala ya tumbo.

Ikipita ile dakika ya tano, au ikiwa jua ni kali na mwili wake unawaka, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni ili apoe. Kichwani usimwagie. Na kama yuko mtu mwenye simu ya kamera, apige video. Daktari akiiona video hiyo atajua mambo mengi kuliko maneno yetu yote.

(Kituo. Mwalimu na awaulize wanafunzi: vidole vingapi?)

Sisi watu wa pwani kwa maneno ya kifafa tuna mambo yetu ya zamani. Mtoto akishikwa na homa kali akakakamaa, wazee walisema ni dege, ndege wa kishetani aliyempitia, ndiyo maana tukaita degedege. Leo twajua kwamba homa ile mara nyingi ni malaria, na mtoto huyo apelekwe hospitali saa ile ile, maana wengi wamefia njiani wakizungushwa kwa waganga. Na kwa mtu mzima mwenye kifafa watu waliogopa povu. Katika milima ya Mahenge, Wilaya ya Ulanga, daktari mmoja wa kike mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya watu wenye kifafa mwaka 1960. Alikuta wagonjwa wenye makovu mabaya ya moto. Walikuwa wameanguka katika moto wa jikoni, na watu waliokuwapo waliogopa kuwagusa, wakidhani mate yao huambukiza. Daktari yule aliwapa vidonge viitwavyo fenobabitoni, ambavyo vimejulikana kuzuia kifafa tangu mwaka 1912, na wengi walipata nafuu wakarudi mashambani kwao.

Nimelitaja jambo hilo kwa sababu dawa ile ile ndiyo wanayopewa mbwa mpaka leo. Na kwa sababu ya povu. Kifafa hakiambukizi, wala kwa mtu wala kwa mbwa. Lakini povu la mbwa ni jambo jingine, kwani huwezi kujua kwa macho kama mbwa huyu ana kifafa au ana kichaa. Basi usiliguse. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa pwani, wamekwisha fundishwa kujihadhari na mate ya mbwa, na katika jambo hili mafundisho ya chuoni na ya daktari yanakwenda njia moja.

Sasa tuje kwenye kichaa cha mbwa.

Kifafa kina mwanzo na kina mwisho. Mbwa huanguka, huamka, na kesho yake ni yule yule wa jana. Kichaa ni safari isiyo na kurudi. Mbwa mwenye kichaa hubadilika siku hata siku. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali huja akajilaza miguuni pako kwa upole usio wake. Hutafuna vijiti, mawe, na mahali pa jeraha lake la zamani. Sauti yake hubadilika, hubweka kama aliyekabwa. Hutoka akaenda mbali bila sababu akiuma kila akutanacho naye. Baadaye taya la chini hulegea, mate hutiririka kwa kuwa hawezi kumeza, miguu ya nyuma huburuzika. Mwishoni aweza kutetemeka na kukakamaa, sawasawa na kifafa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Tangu dalili zianze, hazipiti siku 10 ila amekwisha kufa.

Hapa nataka kusahihisha mambo mawili. La kwanza, watu husema mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Mtu mwenye ugonjwa huo ndiye anayeogopa maji, kwa sababu koo humkaza kila akijaribu kunywa. Mbwa mwenye kichaa huweza kuvuka mto. Kwa hiyo usimwekee maji mbwa ukasema, "Amekunywa, basi ni mzima." La pili ni hatari zaidi. Mbwa ambaye taya limelegea na mate yanamtoka huonekana kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mwenye mbwa, kwa huruma, hutia mkono kinywani kuutafuta mfupa. Mfupa haupo. Mate yapo, na mkono una mikwaruzo ya jembe.

Kwa hiyo, mbwa akianguka kwa mara ya kwanza, na hasa ikiwa hakuchanjwa, fanya hivi. Mngoje azinduke. Mfungie bandani, au mfunge kwa mnyororo mahali watoto hawafiki. Msogezee chakula na maji kwa mti mrefu. Mwambie bwana mifugo. Mtazame siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku 10, anakula na kubweka kama desturi yake, basi hakuwa na kichaa siku ile alipoanguka. Akizidi kubadilika au akafa, usimtupe pwani wala usimchune. Mjulishe bwana mifugo, naye ataona namna ya kupeleka kichwa kwenye maabara ya mifugo iliyoko Temeke, pale panapoitwa Veterinari, ili ubongo upimwe. Wewe mwenyewe usikikate kichwa hicho.

Lakini akiwa ameuma mtu, hakuna kungoja. Hizo siku 10 ni za kumtazama mbwa. Mtu hangoji hata siku moja. Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Mwenzako amimine maji kwa kata au kwa kopo, wewe usugue kwa sabuni. Dakika 15 ni nyingi, utachoka, watu watakuambia yatosha. Haitoshi. Sabuni huviua virusi vya ugonjwa huu, ndiyo maana tunataka ikae kidondani muda huo. Usitie majivu, wala mafuta ya taa, wala pilipili, wala dawa ya majani. Hapa nitasema neno kwa heshima: katika tohara, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, na moja kwa udongo. Sheria hiyo ni ya vyombo na nguo. Kidonda usikitie udongo, kwani udongo huleta pepopunda.

Baada ya kuosha, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, uchanjwe. Sindano si moja, ni kadhaa, kwa tarehe zinazoandikwa katika karatasi yako. Wengi huchoma ya kwanza na ya pili, wakijiona wazima huacha. Wamekosea. Ugonjwa huu huweza kukaa kimya mwilini miezi miwili au mitatu, pengine hata mwaka, ndipo utokee, na ukisha kutokea karibu hakuna anayepona. Zahanati ikikosa chanjo, waulize hospitali ipi inayo, ukaifuate. Nauli ya kutoka Kimbiji mpaka mjini ni mzigo, nakubali. Ukope.

Yule Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyemchanja kwanza mtoto aliyeumwa, tarehe 6 Julai 1885, naye mtoto akapona. Ni zaidi ya miaka 130. Hata hivyo ulimwenguni wanakadiriwa kufa watu 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote waliumwa na mbwa. Mwaka 2002 wataalamu walichapisha hesabu yao juu ya Tanzania. Walikadiria kuwa watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila mwaka, na hali katika vitabu vya serikali waliokuwa wakiandikwa hawakufika, kwa wastani, hata 20. Wengine wote walizikwa bila kuandikwa. Walifia nyumbani, na hakuna aliyepeleka habari. Nawaombeni, ninyi mnaojifunza kuandika, muikumbuke hesabu hiyo.

Dawa ya kukomesha kichaa ni kuwachanja mbwa. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali, na kuchanjwa tena kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wapemba wameona kwa macho. Chanjo za mbwa zilianza kule kwa nguvu tangu mwaka 2010, na mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na mwaka 2018 kikatoweka mara ya pili. Sasa Pemba ni kisiwa, bahari ndiyo ukuta wake. Kimbiji haina ukuta. Mbwa wa huku na mbwa wa Mkuranga wanakutana bila kuulizwa. Kwa hiyo siku ya chanjo itangazwapo, aghalabu karibu na tarehe 28 Septemba, mpeleke mbwa wako kwa kamba, na ile kadi uihifadhi pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Haya, tumpumzishe mwenye kichaa, turudi kwa mwenye kifafa. Kwa nini mbwa aanguke?

Yako magonjwa yanayozaliwa nayo. Mbwa huanza kuanguka akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 6, na katikati ya maanguko ni mzima kabisa. Mbwa huyo asizalishwe, maana watoto wake huenda wakarithi. Lakini hapa kwetu yafaa uulize kwanza mambo mengine. Amekula nini? Dawa ya wadudu ipulizwayo mikorosho na mboga, na sumu ya panya, humfanya mbwa atokwe na mate, atapike, atetemeke, kisha akakamae. Usimtapishe kwa nguvu. Chukua kopo au karatasi ya sumu hiyo umpelekee daktari aisome jina. Jike anyonyeshaye watoto wengi, wiki chache baada ya kuzaa, aweza kukakamaa kwa sababu chokaa ya mwili wake imekwenda yote katika maziwa. Watenge watoto, naye apate sindano upesi. Mtoto wa mbwa mwenye minyoo na njaa aweza kuanguka kwa kupungukiwa na sukari. Akisha kuzinduka na kuweza kumeza, mpake asali kidogo kwenye ufizi. Na wale wanaookota bunju aliyetupwa na wavuvi ufukoni, hao sumu huwalegeza mpaka pumzi ikakatika. Huko si kifafa, ila mwenye mbwa huona tu ameanguka. Wavuvi, mfukieni bunju.

Tena uko ugonjwa uitwao distempa. Huanza kwa matongo machoni na makamasi, kikohozi na kuhara, halafu huingia ubongoni na mbwa huanza kutikisika. Ugonjwa huu si mchezo. Mwaka 1994 katika mbuga ya Serengeti simba walionekana wakianguka na kukakamaa kama wenye kifafa. Watu walishangaa, simba mzima kuanguka hivyo! Walipochunguza waliona ni distempa, na kwamba virusi vilitoka kwa mbwa wa vijiji vilivyo kandokando ya mbuga. Karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa. Chanjo ya distempa ipo, lakini si ile ya kichaa. Mwulize bwana mifugo.

Juu ya dawa ya kifafa sitawadanganya. Dawa ipo, ni ile fenobabitoni, na huwasaidia mbwa wengi. Lakini haiponyi, huzuia tu. Hutolewa mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, huenda maisha yote ya mbwa, na huinunui bila cheti cha daktari. Mbwa atakunywa maji mengi, atakula sana, na siku za kwanza atalala mno. Ukiiacha ghafula, kifafa huweza kurudi kwa nguvu kuliko kwanza na kumwua. Kwa hiyo fanya hesabu ya fedha zako kabla ya kuanza, si katikati. Mbwa aangukaye mara moja kwa mwaka, daktari mara nyingi hatampa dawa. Aangukaye mara mbili au zaidi katika miezi 6, huenda akampa. Na usichukue vidonge vya ndugu yako mwenye kifafa ukampa mbwa. Utawakosesha wote wawili, kwani mbwa hupimiwa kwa uzito wake, na ndugu yako atapungukiwa.

Sasa shikeni kalamu. Sikilizeni kwanza jinsi mambo yanavyokwenda mara nyingi bwana mifugo anapofika.

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mwanangu."
"Mbwa alianguka lini, bibi?"
"Juzijuzi hapa."
"Kwa muda gani?"
"Muda mrefu, mwanangu! Tulidhani amekufa."
"Aliwahi kuanguka kabla ya hapo?"
"Eh, aliwahi."

Bibi huyu hasemi uongo hata kidogo. Lakini bwana mifugo amepanda pikipiki kuja huku, na atarudi hajui kama ni dakika mbili au kumi, wala kama ni mara ya pili au ya sita. Hajui ampe dawa au asimpe. Sasa mwalimu ataandika ubaoni barua hii, nanyi mtainakili.

Kimbiji, 14 Juni
Kwa Bwana Mifugo,
Mbwa wangu Jeki ni dume, ana miaka 3. Alianguka leo saa 2 usiku. Alikakamaa, kisha akapiga miguu. Ilikuwa dakika 2. Alijikojolea. Hakuuma mtu. Baada ya nusu saa alikunywa maji, akanijua. Hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa 3 Mei. Alichanjwa kichaa mwezi wa Septemba mwaka jana, kadi ninayo. Alikula ugali na dagaa. Hatuna sumu ya panya nyumbani. Nimemfunga. Njoo umtazame.

(Kituo kirefu.)

Ni mistari michache tu, na ina kila kitu. Tazameni tarehe: ziko mbili, moja ya Juni na moja ya Mei. Kwa hizo mbili daktari atajua ni wiki sita zimepita katikati. Tazameni neno "hakuuma". Ukisahau sehemu ile ya mbele, ukaandika "aliuma", bwana mifugo ataacha kazi zake zote na kumkimbilia mtu aliyeumwa, kama apasavyo kufanya. Basi liandikeni polepole: ha-ku-u-ma.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mwenye mbwa aitafute kadi ya chanjo, asome tarehe iliyoandikwa, ainakili katika daftari. Asiyekuwa na kadi aandike "hana". Asiye na mbwa aandike habari za mbwa wa jirani, kwa ruhusa ya jirani. Mwalimu atakusanya madaftari siku ya somo lijalo, na orodha hiyo, yenye waliochanjwa na wasiochanjwa, atapewa bwana mifugo wa kata.